Pasaka ya Matope

Nilikuwa na umri wa miaka 11 wikendi ya Pasaka ya mwaka 1974, baba aliponiamsha kabla ya jogoo la kwanza na kuniambia nivae sweta mbili kwa kuwa tulikuwa tunakwenda kumwona Joginder Singh, dereva wa mashindano ya magari ya Safari. Jirani yetu, dereva wa lori, alikuwa amekubali kutubeba hadi kwenye barabara ya udongo upande wa Mau ambako magari ya Safari yangepita. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha, na baba, ambaye alikuwa fundi wa magari tangu ujana wake, alikaa kimya njia nzima akiitazama ile barabara jinsi mganga anavyomtazama mgonjwa.

Msomaji asiyeijua Safari ya zama hizo anaweza kudhani kuwa tulikwenda kutazama mbio za kawaida. Hazikuwa za kawaida hata kidogo. Mashindano hayo, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yalikuwa yameingizwa katika ubingwa wa dunia mwaka 1973, na bado yalikuwa yakikimbiwa katika barabara zilezile walizotumia wananchi, penye ng'ombe, matatu na malori ya mkaa, kwa karibu kilomita 5,000, usiku na mchana. Dereva alipewa muda wa kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kila dakika aliyochelewa ilihesabiwa dhidi yake. Mwisho wa safari, aliyekuwa na dakika chache za kuchelewa kuliko wote ndiye aliyeshinda. Mwaka 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na moja kati ya hayo liliendeshwa na Joginder.

Jina lake tulilijua sote. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza ufundi katika gereji ya baba yake, na mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika na wengine. Kwa watu wa kwetu, Kalasinga huyu wa Kericho alikuwa Simba wa Kenya, na mtu yeyote aliyeendesha kwa fujo aliulizwa kama anajifanya Joginder. Nami kwa hiyo nilikwenda nikitarajia kuona fujo. Nilitarajia gari liruke juu na matope yatapakae mpaka kwenye matawi ya miti.

Mahali tuliposimama, barabara iliteremka kutoka kwenye kilima, ikaingia bondeni penye kijito kilichofurika, kisha ikapanda upande wa pili. Pale bondeni magurudumu yalikuwa yamechimba mitaro miwili mirefu iliyojaa maji mekundu, na katikati yake pamebaki kigongo cha udongo kilichofika magotini mwangu. Watu walikuwa wengi, wengine wamebeba kamba na majembe, maana kulisukuma gari la Safari lililokwama kulikuwa fahari ambayo mtu angeisimulia mwaka mzima. Baba na jirani walibaki juu karibu na lori. Mimi nilipenya mpaka ukingoni, upande wa kushoto, nikasimama juu ya nyasi hatua chache kutoka kwenye maji.

Magari ya kwanza yalikuja kama nilivyotarajia. Yalitokeza kileleni kwa ngurumo, yakateremka kwa kasi yote, na kwa kasi hiyo yakaichapa mitaro ile, maji yakapaa kuliko vichwa vyetu, tukashangilia. Baadhi yalipita. Moja, ambalo dereva wake sikumtambua, liliingia katika mitaro barabara kabisa, likaenda mita kama kumi, kisha tumbo lake likakalia kigongo cha katikati na magurudumu yakabaki yakizunguka bure. Watu waliingia majini mpaka mapajani. Mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva na kumwonyesha njia, alishuka, akaweka bega lake pamoja na yetu, kwani nami niliingia, na ninaukumbuka bado ule mtetemo wa bati lenye moto kwenye viganja vyangu na harufu ya klachi iliyoungua. Baba alipima kwa saa yake: dakika 12 zilipita kabla halijatoka. Dakika 12 kwa kijito kimoja, na mbele palikuwa na vijito ambavyo hakuna aliyevihesabu.

Kisha ikaja Mitsubishi Lancer. Niliisikia kabla sijaiona, na kilichonishangaza ni kwamba mlio wake ulishuka pale kileleni ambapo milio ya wengine ilikuwa imepanda. Ilitokeza polepole. Naapa ilikuwa karibu isimame. Kioo cha mbele kilikuwa kimefunikwa na matope isipokuwa nusu duara mbili zilizofutwa na waipa, na ndani ya mojawapo, upande wa kulia, niliona kilemba. Watu wakaanza kulitaja jina lake kwa sauti, kisha wakanyamaza, kwa sababu hakuna aliyeelewa anachokifanya. Jirani yetu, kama alivyonisimulia baba baadaye, alisema, "Kalasinga ameogopa leo."

Alishusha gia, nikasikia injini ikipokea bila kugutuka, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto aliyelala. Halafu akaiacha mitaro. Magurudumu ya kulia aliyapandisha juu ya kigongo cha katikati na ya kushoto akayaleta ukingoni, upande wangu, hata ikanibidi nirudi nyuma, na gari likapita limeuweka mtaro wa kushoto katikati ya magurudumu yake, kama mtu anayevuka mfereji bila kutaka kulowa. Hakuongeza mafuta wala hakupunguza. Mlio ulikuwa mmoja tangu alipogusa bonde mpaka alipoanza kupanda upande wa pili, na hapo tu, ardhi ilipokuwa ngumu chini yake, ndipo alipokanyaga, ekzosi ikabweka mara mbili, akapotea kwenye miti. Maji hayakuruka. Sweta yangu, iliyokuwa imelowa kwa magari yote yaliyotangulia, haikupata tone jipya.

Nimesoma na kusikia mengi kumhusu tangu siku hiyo, na sioni haya kusema kuwa wengi waliomsifu walisifu kitu kisichokuwa kikubwa kwake. Walisifu ujasiri, na ujasiri madereva wote wa Safari walikuwa nao. Yeye aliwazidi kwa kulijua gari kama fundi anavyolijua, kwa sikio na kwa nyonga, na kulihurumia. Mwaka 1976 alishinda tena, akawa dereva wa kwanza kuitwaa Safari mara tatu, hadi Shekhar Mehta alipompita kwa ushindi wake wa mara tano. Alifariki London mwaka 2013.

Jumatatu ya Pasaka, Sauti ya Kenya ilitangaza kuwa Joginder Singh na mwelekezi wake David Doig wameshinda kwa Lancer, mbele ya Björn Waldegård aliyeendesha Porsche. Jioni hiyo jirani alibisha hodi. Alikaa, akanywa chai, akazungumzia mvua, na mwishowe akamwomba baba amweleze, taratibu, yule mtu alivyopita pale bondeni, maana naye alikuwa na mzigo wa kuupitisha huko wiki hiyo.

Baba alichukua chaki, akachora barabara kwenye sakafu ya saruji, mitaro miwili na kigongo, akaweka kiberiti mahali pa gari na kukisogeza chini ya mwanga wa taa. Jirani alipiga magoti.

"Gurudumu la kushoto lilikuwa wapi hasa?" aliuliza.

Baba alikiweka kiberiti ukingoni mwa mstari wa chaki.

"Hapana, baba," nilisema, "lilikuwa juu zaidi, kwenye nyasi."

Wote wawili walinitazama. Baba aliondoa mkono wake, nami nikakisogeza kiberiti upana wa kidole kimoja.