Khabarovsk: Panga Safari kwa Kuutazama Mto Amur

Waafrika Mashariki wanaosoma au kufanya kazi Urusi huizoea Moscow, St Petersburg na labda Kazan. Wakienda Mashariki ya Mbali ya nchi hiyo, wengi hukimbilia Vladivostok kwa sababu ya bahari, na Khabarovsk huiona kupitia dirisha la treni. Wanakosa mji mzuri sana. Lakini ni mji unaoendeshwa na mto, na anayefika bila kujua mto uko katika hali gani hupoteza siku na fedha.

Khabarovsk iko ukingo wa kulia wa Amur, karibu na pale mto Ussuri unapoingia, na mpaka wa China uko kama kilomita 30 tu. Ilianza mwaka 1858 kama kituo cha kijeshi kilichopewa jina la Yerofey Khabarov, msafiri mvumbuzi wa karne ya 17. Saa zake ziko saba mbele ya Moscow. Kwa kuwa Moscow inalingana na Nairobi na Dar es Salaam, hesabu ni rahisi: saa sita mchana nyumbani ni saa moja jioni Khabarovsk. Ukitaka kuongea na wazazi, ongea jioni ya huko. Ukipiga simu asubuhi yako, wao wako usingizini.

Sasa mto wenyewe. Amur huganda katika nusu ya pili ya Novemba na kupasuka mwishoni mwa Aprili. Tofauti na mito mingi ya Urusi, mafuriko yake makubwa hayaji na theluji inayoyeyuka. Majira ya baridi huku ni makavu na theluji ni kidogo, ila mvua za monsuni na mabaki ya vimbunga vya Pasifiki hushuka Julai na Agosti, maji yakafikia kilele kati ya Agosti na Septemba. Mwaka 2013 kipimo cha maji mjini kilifika sentimita 808, wakati rekodi ya zamani, ya mwaka 1897, ilikuwa 642. Kwa hiyo Agosti, mwezi ambao wanafunzi wengi wana likizo, ndio wenye hatari ya kukuta boti zimesimama na njia ya kando ya mto imezibwa. Chagua Septemba, hasa nusu ya pili. Mvua zimepungua, mchana bado kuna joto la kutosha kwa sweta, misitu imegeuka rangi, na samoni aina ya keta wanapanda mto. Chaguo la pili ni Februari: anga safi, jua kali, barafu imara. Aprili na Novemba ziache. Barafu haitembeleki, boti haziendi, na barabara zina tope na utelezi.

Kufika kuna njia mbili kuu. Ndege kutoka Moscow huchukua kama saa nane. Ukiruka saa mbili usiku, unatua kama saa tano asubuhi ya kesho yake huku mwili ukidhani ni alfajiri. Angalia uwanja unaotua ukitokea Afrika na uwanja unaoondokea: Sheremetyevo, Domodedovo na Vnukovo viko mbali sana, na kuhama na mizigo kunaweza kumaliza saa tatu, pengine zaidi kwenye foleni. Njia ya pili ni treni. Khabarovsk iko kilomita 8,521 kutoka Moscow kwa reli, safari ya takribani siku sita. Kwa mtu aliye tayari Vladivostok, treni ya usiku iitwayo Okean ndiyo suluhisho: inaondoka jioni na kufika asubuhi, hivyo unaokoa gharama ya hoteli kwa usiku mmoja.

Kwenye treni, behewa la wazi lenye vitanda 54, liitwalo platskart, ndilo la bei ya chini. Lenye vyumba vya vitanda vinne lina faragha na mlango. Kitanda cha chini huwa ghali zaidi, lakini chini yake ndipo penye sanduku salama la mizigo. Epuka vitanda vya pembeni karibu na choo. Maji ya moto ni bure kutoka birika kubwa mwishoni mwa behewa, basi beba kikombe, majani ya chai na chakula cha kuloweka. Jina kwenye tiketi lifanane na pasipoti herufi kwa herufi. Wenye majina matatu ndio hukwama hapa, kwa kuandika mawili mahali na matatu pengine. Mhudumu wa behewa hukagua pasipoti halisi mlangoni, na picha ya kwenye simu haimtoshi.

Fedha ndipo wageni wengi huumbuka. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022, dukani wala kwenye mashine ya kutolea pesa. Mwanafunzi mwenye akaunti ya benki ya Urusi anatumia kadi ya Mir, ya mfumo wa malipo wa Urusi yenyewe, na hana shida. Mgeni wa muda mfupi abebe fedha taslimu: dola safi zisizo na mikunjo, mihuri wala maandishi, au yuan, kwa sababu mji uko jirani na China na benki zimezizoea. Kubadilisha ni benki tu. Anayekunong'oneza sokoni kwamba ana bei nzuri mwache apite. Ukipata noti ya rubli 5,000 ya toleo la zamani, itazame vizuri. Sanamu ya Muravyov-Amursky, gavana mkuu wa Siberia ya Mashariki katika karne ya 19, upande mmoja na daraja la upande wa pili zote ziko mji huu.

Simu nayo inataka maandalizi. Tangu Januari 2025 mgeni hapewi laini kwa kuonyesha pasipoti tu. Kuna usajili wa alama za mwili (sura na sauti) na akaunti ya huduma za serikali, na laini hufungwa na namba ya kifaa chenyewe. Kwa ziara ya siku nne haifai kuanza mlolongo huo. Intaneti ya bure ya mikahawa mara nyingi hutuma namba ya siri kwenye laini ya Urusi, kwa hiyo nayo inaweza kukugomea. Kabla ya kuondoka pakua ramani ya 2GIS ya Khabarovsk, ambayo inafanya kazi bila intaneti na huonyesha hata mlango sahihi wa jengo, pamoja na lugha ya Kirusi kwenye programu ya kutafsiri. Waambie nyumbani mapema kwamba simu za WhatsApp zimewekewa vizuizi nchini humo tangu Agosti 2025, wasije wakadhani umepotea.

Kuhusu malazi, usihangaike na Booking wala Airbnb. Tumia tovuti za Kirusi kama Ostrovok, na chagua inayoruhusu kulipa ukifika. Swali la kwanza kuuliza ni kama wanapokea wageni wa nje na kuwasajili uhamiaji, maana usajili huo ni sharti ufanyike ndani ya siku saba za kazi na mwenye nyumba ndiye anayewajibika. Hoteli na hosteli nyingi hufanya bila kuulizwa. Wenye nyumba za kupanga kwa siku hukwepa, na karatasi isipokuwepo anayesimamishwa na polisi ni wewe. Kadi ya uhamiaji uliyopewa mpakani itunze ndani ya pasipoti mpaka siku ya kutoka.

Ukishatua mzigo, mji unasomeka kwa urahisi. Umejengwa juu ya migongo ya vilima inayoelekea mtoni, na mabonde kati yake yalikuwa vijito, Cherdymovka na Plyusninka, ambavyo sasa vinapita kwenye mabomba chini ya ardhi. Juu yake zimepandwa bustani ndefu mbili, Amursky na Ussuriysky. Toka stesheni, penye sanamu ya Khabarov, fuata bustani ya Amursky na utashuka mpaka karibu na mto bila kuhitaji ramani. Mtaa mkuu, Muravyov-Amursky, uko kwenye mgongo wa katikati, kati ya Uwanja wa Lenin na Uwanja wa Komsomolskaya. Kutoka hapo unashuka ngazi hadi njia ya kando ya maji na jabali la Utyos, mahali bora kuliko pote kuuona mto. Nenda saa moja kabla ya jua kuzama. Mto unatazama magharibi, na jua linazama ng'ambo ya maji.

Jirani na hapo kuna Makumbusho ya Grodekov, iliyoanzishwa 1894. Isirukwe. Ndiyo inayoeleza Wananai na watu wengine wa asili wa Amur, ambao waliishi kwa samaki hata mavazi yao wakashona kwa ngozi ya samaki. Anayetoka hapo huielewa vizuri zaidi Sikachi-Alyan, kijiji cha Wananai kama kilomita 75 kutoka mjini, chenye michoro ya kale sana iliyochongwa juu ya mawe ya ukingoni. Tatizo ni lile lile la mto: maji yakijaa, mawe yanazama. Uliza kiwango cha maji kabla ya kukodi gari, la sivyo utalipa kwenda kutazama maji ya kahawia.

Daraja la reli la kuvuka Amur, lile la kwenye noti, lilijengwa kati ya 1913 na 1916, lenye urefu wa kama mita 2,600, na sasa lina njia ya magari juu na treni chini. Chini ya mto kuna pia njia ya reli ya zaidi ya kilomita saba, iliyochimbwa kuanzia 1937. Kipande cha daraja la awali kimehifadhiwa kwenye jumba dogo la makumbusho ukingoni, na hapo unapiga picha kwa amani. Usisogelee walinzi wa daraja lenyewe na kamera, na droni iache nyumbani. Ukanda wa mpaka upande wa Ussuri nao unahitaji kibali, kwa hiyo usijiendee tu kwa sababu ramani inaonyesha barabara.

Wapo wanaotamani kuvuka hadi Fuyuan, China, kwa boti ya kiangazi. Mwanafunzi mpya aangalie viza yake kwanza. Ile ya mwanzo huwa ya kuingia mara moja, na ukitoka nayo huwezi kurudi darasani. Subiri chuo kikuongezee ya kuingia mara nyingi.

Kwa anayekuja Februari, baridi ya nyuzi 20 hadi 25 chini ya sifuri inavumilika ukivaa kwa akili. Nguo ya kwanza mwilini isiwe ya pamba, kwa kuwa pamba hushika jasho, na jasho likipoa ndilo linalokutetemesha. Vaa ya polyester au sufi laini, juu yake sweta nene, kisha koti la kuzuia upepo linalofunika makalio na lenye kofia yake. Makoti ya namna hiyo hupatikana kwa bei ndogo Gikomba au Karume kwa kuwa wanunuzi ni wachache. Kagua zipu tu. Buti ziwe kubwa kwa namba moja ili soksi mbili zisibane, kwani mguu uliobanwa haupati damu na huganda kwanza. Simu ikae mfuko wa ndani, betri hufa nje kwa dakika chache. Ukiona doa jeupe lisilo na hisia puani au sikioni, ingia ndani upate joto taratibu, na usisugue kwa theluji hata wakikushauri hivyo. Majengoni kuna joto kali, na makumbusho yatakutaka uache koti mapokezi, hivyo cha ndani kiwe cha heshima.

Usiwe wa kwanza kukanyaga barafu. Unene wa sentimita 7 ndio unaokubalika kwa mtu mmoja, 15 kwa njia ya watu wengi, na hiyo ni barafu safi yenye rangi ya samawati. Nyeupe ina nusu ya nguvu hiyo. Fuata nyayo za wavuvi wengi, na penye bango la katazo rudi.

Anayekuja kiangazi ana adui mwingine: mbu, usubi, na kupe wanaobeba homa ya ubongo, wakali zaidi Mei hadi Julai. Ukitaka kuingia msituni, chanja dozi mbili mapema, kinga huja kama wiki mbili baada ya ya pili. Kupe akishika, mvute taratibu kwa kibano bila kumpaka mafuta, mhifadhi kwenye kichupa na umpeleke maabara. Dawa ya kinga hutolewa ndani ya saa 96. Bima maalumu ya kupe ni nafuu, inunue. Kuogelea mtoni acha: mkondo una nguvu, na maji yanapokea taka za viwanda kutoka mto Songhua wa China. Mwishoni mwa 2005 benzini iliyomwagika huko ilishuka hadi Khabarovsk.

Chakula hakitakusumbua. Ugali wa semolina, inayoitwa manka, unasongwa vizuri, na kabichi ni ya bei nafuu. Soko Kuu ndilo la samaki na mayai yao mekundu. Ya keta ni makubwa na ya rangi ya machungwa, ya gorbusha na nerka ni ya samoni wa aina nyingine: ya gorbusha ni madogo zaidi, ya nerka ni mekundu na yana uchungu kidogo. Onja kabla ya kulipa. Punje zitengane na zipasuke mdomoni, zikiwa zimeelea kwenye maji waachie wenyewe. Kopo lifungwe kati ya Julai na Oktoba, kwani lililofungwa miezi mingine huenda limetokana na mayai yaliyogandishwa. Mayai meusi ya mitaani usiguse, maana samaki wanaoyataga, sturjoni na kaluga wa Amur, wanalindwa kisheria.

Tiketi ya kuondoka isiwe siku ya mwisho ya viza. Kimbunga au dhoruba ya theluji huweza kuahirisha ndege usiku mzima, na uhamiaji huhesabu siku uliyopita hata kama kosa si lako. Acha siku mbili za akiba, na ndege ikiahirishwa chukua hapo hapo karatasi ya uthibitisho kwenye kaunta ya shirika.