Mishkaki ya bulgogi: kumbukumbu ya jikoni, Pangani, Nairobi

Wiki ya kwanza

Mambo yalianzia kwenye ngazi za jengo letu. Jirani yangu wa ghorofa ya pili aliwahi kupika kwa miaka mingi katika nyumba ya Wakorea kule Lavington, na jioni moja alinipokeza bakuli la bulgogi. Nyama ya ng'ombe, nyembamba kabisa, iliyorowekwa kwenye sosi ya soya, sukari, kitunguu saumu, mafuta ya simsim na peasi lililosagwa. Jina lenyewe linajieleza: "bul" ni moto, "gogi" ni nyama. Nikamuuliza peasi linafanya kazi gani humo.

"La kulainisha, Mama. Ukiliacha, nyama inakaza."

Nilisimama pale na bakuli langu. Kwetu Mombasa, shangazi hajawahi kuchoma mishkaki bila kuipaka papai bichi kwanza. Wakorea na Waswahili, kila mtu kwao, wameliendea tunda kwa haja ile ile. Hapo ndipo nilipoamua: nataka mshikaki mmoja ulio na ladha ya nyumba zote mbili, na usiwe wa kupachikapachika.

Nilinunua steki kilo moja pale soko la nyama la Burma, nikaikata vipande vya mishkaki vya kawaida, vinene kama kidole gumba. Sosi ya soya, simsim, saumu, tangawizi, bizari nyembamba, dania, ukwaju, vijiko viwili vikubwa vya papai, na peasi zima. Nikafunika, nikaweka kwenye friji usiku kucha.

Asubuhi nyama ilikuwa imegeuka kijivu pembeni. Nilipoitunga ilichanika, na juu ya makaa ikaanza kudondoka kwenye vijiti. Vipande vilivyobaki havikuwa laini, vilikuwa unga wenye ladha ya nyama. Kilo nzima. Iliniuma sana.

Nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti iko chini hivyo?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo.

"Papai halilazwi na nyama, mwanangu. Kijiko kimoja kwa kilo, saa moja, basi. Na liwe bichi lile linalotoa utomvu, si lililoanza kuiva."

Utomvu ndio ufunguo. Humo ndimo kinamokaa kimeng'enya kinachoitwa papaini, kinachokata protini za nyama vipande vipande. Papai likiiva, utomvu hupungua na nguvu yake hupungua nao. Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba papaini haifi upesi motoni. Kwenye friji hufanya kazi polepole, lakini nyama inapopata joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi ndipo inapokuwa na kasi kubwa kuliko zote, kabla moto haujaizidi nguvu. Kwa hiyo ile nyama yangu iliyokwisha kuliwa na papai usiku mzima ililiwa tena juu ya jiko.

Wiki ya pili

Nikaliondoa papai kabisa nione peasi peke yake litafika wapi. Nilikwenda sokoni Marikiti alfajiri, nikapata mapeasi ya kijani, magumu, yenye maji kidogo. Nikasaga mawili kwa kilo ya nyama, nikaroweka saa nne.

Harufu ilikuwa nzuri ajabu, utamu wa tunda uliotulia chini ya sosi ya soya. Lakini nyama ilitafunika kwa taabu. Jirani alinikumbusha kwamba kule Lavington walikuwa wakinunua nyama yenye mafuta yaliyotawanyika katikati ya nyuzi. Ng'ombe wetu wengi ni wa malisho. Hutembea mbali kutafuta nyasi na maji, na msuli unaotembea hukomaa. Nyama yao ina ladha ambayo siwezi kuibadilisha na nyingine yoyote, ila peasi haliiwezi peke yake.

Wiki ya tatu: nundu

Hii ndiyo wiki iliyobadilisha kila kitu, nami nitaieleza kwa kirefu.

Kama tatizo ni mafuta ndani ya nyama, basi ng'ombe wetu anayo, tena anayabeba mgongoni. Nundu ya zebu, yaani ng'ombe wetu wa nundu, hasa wa aina ya Boran, si donge la mafuta matupu kama watu wanavyodhani. Ni msuli uliopitiwa na mafuta, mstari kwa mstari. Nilimwendea muuza nyama wangu.

"Kaka, leo nundu iko?"

"Iko, Mama, lakini ni robo tatu tu. Wengi hawaulizii, mimi huisaga na kima."

Nilichukua yote, na kilo moja ya paja lisilo na mfupa.

La pili ni ukataji. Bulgogi ni nyama nyembamba, mishkaki ni vipande, na mimi nilikuwa nimeng'ang'ania vipande. Safari hii niliiweka nyama kwenye sehemu ya barafu kwa saa moja na nusu, mpaka ikakaza bila kuwa jiwe, kisha nikaikata kwa kisu kirefu, kukingama na nyuzi, unene wa milimita tatu hivi. Kila ukanda nikaukunja mara tatu au nne, kama unavyokunja kanga, nikautunga. Kati ya kila mikunjo miwili, kipande chembamba cha nundu.

Vijiti vya mbao havikufaa, mikunjo ilikuwa ikizunguka kila ninapogeuza. Fundi mmoja wa jua kali pale Kamukunji alinitengenezea vyuma bapa vya upana wa sentimita moja, na nyama ikatulia.

Makaa yalipoanza kufunikwa na jivu jeupe nikaviweka vyuma. Nundu iliyeyuka ikateremka kwenye mikunjo ya paja. Nje ilikaangika, ndani ikabaki na maji yake. Sikungoja sahani, nilikula nimesimama, na jirani naye hivyo hivyo. Ndipo aliponiambia kwamba Wakorea wenyewe wanayo nyama ya kutunga kwenye vijiti, huiita sanjeok, na mama wa ile nyumba aliiandaa siku za sikukuu. Nilifurahi kusikia hivyo. Kumbe kijiti si kitu nilichowalazimishia.

Wiki ya nne

Kilichobaki kilikuwa ladha, na hapa nimebishana na watu wengi. Ukwaju ukiurowekea nyama pamoja na sosi ya soya, unaimeza. Husikii chochote ila uchachu, na nyama hukauka. Nimeutoa kwenye rojo. Nauchemsha na sukari guru mpaka unakuwa mzito, naupaka kwa brashi dakika mbili za mwisho. Mapema zaidi ya hapo sukari huungua na kuwa chungu. Bizari na dania pia nimeziondoa, ingawa dada yangu haamini. Bizari nyembamba huifunika simsim, na simsim ndiyo roho ya upande wa Korea. Pilipili manga inatosha.

Sosi ya soya yenyewe nilichelewa kuipata. Nyumbani kwetu tunakula halali, na chupa nyingi huandikwa kwamba zimetiwa alkoholi. Kwenye duka moja la Kilimani nilisoma lebo kwa nusu saa nzima, na mwenye duka akanisaidia kwa subira mpaka nikapata iliyothibitishwa.

Kwa sasa, kwa kilo moja ya paja na robo tatu ya nundu: vijiko vitano vikubwa vya sosi ya soya, kimoja cha sukari guru, viwili vya mafuta ya simsim, saumu punje sita, tangawizi ya kidole, nusu kitunguu maji na peasi moja, vyote vimesagwa. Nyama inakaa humo saa tatu. Papai bichi, kijiko kidogo kimoja tu kwa sababu nyama ni nyembamba, linaingia dakika 20 kabla ya moto.

Nimekula na wali mweupe na kachumbari, lakini kachumbari yenye ndimu inagombana na ukwaju. Badala yake nimetia kabeji kwenye chupa na chumvi, tangawizi na pilipili, leo ni siku ya tatu na viputo vimeanza kupanda.

Shangazi anakuja kwa treni mwisho wa mwezi. Nimeagiza vyuma kumi zaidi Kamukunji. Fundi amesema nivifuate Alhamisi.