Rula mbili na ramani ya bahari

Kikao cha kwanza cha chama chetu cha kusoma sheria tulikuwa watu 14. Kufikia cha tatu tumebaki wanne, na mmoja wao alikuwa amekuja kunidai kitabu chake. Kosa lilikuwa langu. Nilimwalika wakili mmoja, akatuhutubia saa mbili nzima kuhusu historia ya mikataba, chai ikapoa kwenye thamosi, watu wakawa wanachungulia simu kuona kama foleni ya Thika Road imepungua.

Nilitaka chama cha kusoma sheria ya kimataifa hapa Nairobi ambacho hata asiye wakili ataketi. Nilijipa moyo kwamba Taasisi ya Sheria ya Kimataifa ilianzishwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1873 na watu 11 tu, na mwaka 1904 ikapewa Nobeli ya Amani. Ila wale walikuwa mabingwa tayari. Sisi tulikuwa na karani, mwalimu wa sekondari, mwenye kitabu chake na mimi.

Jumamosi iliyofuata sikualika mtu. Nilibeba ramani ya pwani, rula mbili, penseli, na hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kati ya Somalia na Kenya kuhusu mpaka wao wa baharini, ya tarehe 12 Oktoba 2021, niliyoipata bure kwenye tovuti yao. Mwalimu akachora dai la Kenya: mstari unaokwenda mashariki moja kwa moja, sambamba na latitudo. Karani akachora la Somalia, umbali sawa kutoka pwani zote mbili, ukiteremka kusini-mashariki. Pembetatu iliyobaki katikati ilitunyamazisha.

Kisha kelele. Kenya ilidai kwamba Somalia ilikubali mstari wa latitudo kwa kunyamaza tangu 1979. "Kwetu anayenyamaza amekubali!" mwalimu akang'aka. Tukatafuta aya: majaji hawakuridhika kwamba Kenya yenyewe ilishikilia dai hilo bila kuyumba. Wakaanzia kwenye umbali sawa, halafu huko mbali na pwani wakausogeza mstari kaskazini kidogo, kwa faida ya Kenya. Mlinzi alikuja na funguo tukiwa bado tunabishana.

Tangu hapo kila kikao ni kesi moja, na lazima mtu ashike penseli. Karani alimleta binamu yake wa Kiunga. Kijana aliinamia ramani, akaweka kidole karibu na mpaka.

"Mzee wangu huvua hapa wakati wa kaskazi. Huu mstari, akiwa majini, atauonaje?"

Tulitazamana. Nikamsogezea kiti na hukumu, tukaanza upya ukurasa wa kwanza.