Pointi za kadi na tiketi ya kwenda nyumbani: piga hesabu kabla ya kulipa ada

Kampuni za kadi za mkopo za Marekani zinatangaza bonasi ya kuanzia ya pointi 60,000, pointi 75,000, wakati mwingine zaidi, na tarakimu hizo zinavutia macho. Ila pointi haina thamani mpaka inunue kitu. Kwa anayeishi Minneapolis au Dallas na hurudi Nairobi, Dar au Zanzibar kila mwaka mmoja au miwili, swali la kuanzia ni hili: kadi hii inaizidi kadi isiyo na ada inayorudisha asilimia 2 taslimu? Zipo, Citi Double Cash na Wells Fargo Active Cash. Pima kila kadi kwa hizo.

Tuchukue familia inayotumia dola 900 kwa mwezi supamaketi, 250 kwenye migahawa na 1,150 kwa mengineyo: mafuta, simu, bima, viatu vya watoto. Kwa mwaka ni dola 27,600. Kadi ya asilimia 2 inawarudishia dola 552.

Capital One Venture inatoa maili 2 kwa kila dola, duka lolote, kwa ada ya dola 95 kwa mwaka. Familia yetu inapata maili 55,200. Wakizitumia kufuta gharama za safari kwenye taarifa ya kadi, kila maili ni senti 1, yaani dola 552. Toa ada, zinabaki 457. Kadi ya bure imeshinda! Ili Venture ilipe, kila maili lazima iwape zaidi ya senti 1.17.

Amex Gold (kadi ya American Express) inatoa pointi 4 kwa dola kwenye migahawa na supamaketi za Marekani, hizi za mwisho mpaka dola 25,000 kwa mwaka. Mengineyo ni pointi 1. Jumla pointi 69,000, ada dola 325. Hapa kila pointi lazima ivuke senti 1.27. Kuna nafuu za kila mwezi, kwa mfano dola 10 za Uber, na mwezi ukiisha hujazitumia zimekwenda. Kama unapanda Uber kila mwezi, kiwango hicho kinashuka hadi senti 1.10, kama hupandi, usizihesabu, maana hapo ndipo watu wengi hujidanganya. Tena Walmart, Target na Costco hazimo kwenye supamaketi za Amex, na dukani Costco hawapokei Amex kabisa. Lile duka la Kiafrika unakonunua unga wa ugali na dagaa je? Inategemea mwenye duka aliisajili biashara yake kama nini. Nunua kitu kidogo kwanza, subiri muamala ukamilike, kisha angalia kwenye akaunti umepewa pointi 4 au 1.

Chase Sapphire Preferred, ada dola 95, inatoa pointi 3 kwenye migahawa na pointi 2 kwa safari, lakini vyakula unavyonunua dukani mwenyewe ni pointi 1 tu. Familia hii inaambulia pointi 33,600, na ili kuishinda kadi ya bure kila moja lazima ifike senti 1.93. Kwa wanaopika nyumbani ni kadi ya mwaka wa kwanza, kwa ajili ya bonasi ya kuanzia. Ada ya pili ikikaribia, piga simu uombe kubadilishiwa iwe kadi ya Chase isiyo na ada.

Sasa upande wa tiketi. Chukua nauli ya taslimu, toa kodi ambazo ungelipa hata kwa pointi, kisha gawa kwa idadi ya pointi. Tuseme tiketi ya KLM kupitia Amsterdam ni dola 1,450, au pointi 85,000 pamoja na dola 260. Dola 1,190 kwa 85,000 ni senti 1.4. Bado: ungelipa taslimu kwa Venture ungepata maili 2,900, kwa hiyo gawa kwa 87,900, inakuwa senti 1.35. Linganisha tiketi zenye mizigo sawa. Nauli ya taslimu ya bei ya chini kabisa mara nyingi haina begi la kupakia, na nani anakwenda nyumbani bila begi?

Kadi zote tatu zinahamisha pointi moja kwa maili moja kwenda kwenye mipango ya maili ya mashirika ya ndege: Flying Blue ya Air France na KLM, na pia Aeroplan ya Air Canada. Kenya Airways imo SkyTeam, muungano wa mashirika ya ndege walimo pia Air France na KLM, kwa hiyo viti vyake hutafutwa kwa Flying Blue. Ethiopian imo Star Alliance, muungano wa Air Canada, hutafutwa kwa Aeroplan, ambayo haiongezi tozo ya mafuta. British Airways inaiongeza, na wakati mwingine inauma kweli. Wenye watoto wa miaka 2 hadi 11 waanze na Flying Blue, kwani hupunguza maili za mtoto kwa asilimia 25 kwenye ndege za Air France na KLM.

Pointi zikishahamishwa hazirudi. Tafuta kiti kwanza, hakikisha kinaonekana mpaka ukurasa wa malipo, ndipo uhamishe. Jina la akaunti ya ndege lifanane na la kadi, na la tiketi lifanane na pasipoti. Wenye majina matatu ndio hukwama hapa. Kwa Desemba, viti vya maili kwenye ndege za washirika ni vichache mno.

Usitumie kadi hizi kutuma pesa nyumbani kwa programu za simu kabla ya kuuliza benki. Nyingi huhesabu huo ni mkopo wa taslimu: hakuna pointi, kuna ada, na riba inaanza siku hiyohiyo. Riba zenyewe mara nyingi zimepita asilimia 20. Deni la dola 2,000 kwa mwaka mmoja kwa asilimia 22 ni kama dola 440, karibu sawa na zile 457 zilizobakia familia yetu kwa Venture.

Ukishafika, Citi Double Cash iache kwenye pochi, inakata asilimia 3 nje ya Marekani. Venture, Gold na Sapphire hazikati. Amex haipokelewi sehemu nyingi, beba na Visa au Mastercard. Na mashine ikikuuliza dola au shilingi, chagua shilingi.