Nilivyounda Mashua ya Plaiwudi Nyumbani

Nilipotaka kuunda mashua yangu mwenyewe, nilichagua njia ya kushona na kugundisha, kwa kuwa haihitaji mataruma mengi, yaani mbavu za ndani za mashua: vipande bapa vya plaiwudi vikikatwa kwa vipimo sahihi na kuunganishwa kingo kwa kingo, hujipinda na kuipa mashua umbo lake. Kwa njia hiyo watu wengi wasio mafundi waliunda majumbani mwao Mirror, mashua ya tanga yenye urefu wa mita 3.3 iliyobuniwa nchini Uingereza na Jack Holt na Barry Bucknell mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Nilitumia plaiwudi ya baharini ya milimita 6, ambayo gundi yake hustahimili maji na matabaka yake ya ndani hayana mianya. Kwa kuwa bamba la kawaida lina urefu wa mita 2.44 na mashua yangu ilizidi hapo, nililazimika kuunga mabamba kwa kuyachonga kingo mshazari, yaani mteremko, wa urefu wa milimita 48, mara nane ya unene, ili yapandane na kugundishwa. Kazi hii huogopwa bure. Randa inapokata, matabaka ya plaiwudi hujitokeza kama mistari, na mistari hiyo ikiwa imenyooka na kulingana, mshazari uko sawa.

Mistari iliyopinda ya vipande niliichora kwa kupitisha ufito mwembamba kwenye misumari, kisha nikaikagua kwa jicho kutoka upande mmoja, kwani jicho huona kibonyeo ambacho rula haikionyeshi. Vipande vya kulia na kushoto nilivikata vikiwa vimepandanishwa ili vifanane.

Baada ya kutoboa matundu kandokando, nilivishona kwa nyaya za shaba bila kuzikaza sana. Hapa ndipo nilipokawia kwa makusudi, kwa sababu mashua iliyopotoka kabla ya gundi hubaki hivyo daima. Niliweka fito mbili zilizonyooka, moja karibu na omo (mbele) na nyingine karibu na tezi (nyuma), nikachungulia kama ziko sambamba, nikapima pia kutoka pembe hadi pembe, na ndipo nikazikaza nyaya.

Epoksi, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, niliichanganya kidogo kidogo kwa uwiano wa mtengenezaji na kuimimina kwenye chombo kipana, kwa maana ikirundikana katika kopo hujipasha moto na kuganda upesi. Nilivaa glavu muda wote. Maungio ya ndani niliyapaka kwanza epoksi tupu, kisha epoksi iliyotiwa unga laini wa mbao hadi ikawa nzito isiyotiririka, nikailainisha kwa kijiti chenye ncha ya mviringo na kulaza juu yake utepe wa faibaglasi. Ilipokauka nilitoa nyaya, nikaviringisha kingo za nje ili utepe ulale vizuri, na kuosha kwa maji utando unaoteleza uliojitokeza juu ya epoksi kabla ya kupiga msasa, nikiwa nimevaa barakoa.

Plaiwudi hunywa maji zaidi kwenye kingo na matundu kuliko usoni. Kwa hiyo kila tundu la skrubu nililitoboa kubwa kupita kiasi, nikalijaza epoksi, kisha nikatoboa tena katikati yake kwa kipimo cha skrubu, na rangi ikafuata baadaye.