Nyumba ya Mkasi

Jumapili usiku, Gede

Leo nimekaa sana kwenye kizingiti cha Nyumba ya Mkasi, katika magofu ya Gedi (au Gede), mji wa kale wa Waswahili pwani ya Kenya. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeyalowesha mawe ya matumbawe, kima wanarukaruka juu ya kuta, na mimi daftari limenilalia mapajani. Nilikuja kumalizia mchoro wa ukuta mmoja. Sikuchora hata mstari.

Huu ni mwaka wangu wa 19 katika kazi ya akiolojia. Nikiulizwa nilianzaje, husema nilianza na karai la babu. Lilikuwa jikoni kwa bibi, limetoboka katikati, akianikia mahindi. Babu alilibeba ujanani hapa hapa Gedi, alipokuwa kibarua katika uchimbaji wa James Kirkman, mwanaakiolojia Mwingereza aliyeanza kuchimba mwaka 1948 na kuendelea mpaka 1958. Miaka kumi katika mji mmoja. Mimi msimu mmoja wa wiki sita hunichosha mgongo mpaka nikashindwa kufunga viatu, kwa hiyo miaka kumi naielewa kwa mwili kabla ya akili.

Na mji wenyewe ulikuwa kama hadithi tu. Una misikiti, una jumba la mfalme, una kuta mbili, wa nje na wa ndani, na vyoo ndani ya nyumba za watu. Hata hivyo Wareno, waliokaa Malindi jirani tu katika karne ya 16, hawakuuandika. John Kirk, balozi wa Uingereza kule Zanzibar, alifika mwaka 1884. Mwaka 1927 ukatangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa, lakini msitu ulikuwa bado umeushika. Hata jina la Gedi si lake. Ni neno la Kioromo, maana yake kitu cha thamani. Wenyeji wa huku walijua kwamba wazee wa kale wapo, na anayeingia kwa jeuri haachwi hivi hivi. Kirkman mwenyewe aliandika kwamba alipoanza kazi alihisi kuna kitu kinamtazama kutoka nyuma ya kuta, si kwa uadui wala kwa urafiki, kinangoja tu. Niliposoma maneno hayo chuoni nilimwona mtu wa kwetu kabisa.

Alichotupa kwanza ni wakati. Alikusanya vigae vya vyungu tabaka kwa tabaka, vya huku pwani, vya nchi za Kiislamu na vya China, akavipanga kufuata kaburi moja lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Kabla ya hapo mtu angeweza kusema lolote juu ya magofu haya. Baada yake, kigae kidogo cha kijani kikitoka ardhini, tuna mahali pa kukiweka.

Halafu majina. Wenye nyumba hawakuacha majina yao mlangoni, basi kila nyumba ikaitwa kwa kilichookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, ya Taa ya Chuma, ya Kauri, ya Sanduku la Pembe, ya Bakuli la Kaure, ya Fedha za Kichina. Nayapenda majina haya kuliko kitu chochote kilichoandikwa kuhusu Gedi. Mkasi! Mtu alikata nao uzi, au nywele za mtoto, siku moja akautafuta asiuone, na leo watalii wanapiga picha chini ya jina la kitu alichopoteza.

Lakini kuna jambo lake ambalo sitalikubali. Katika kitabu chake cha 1964 alishikilia kwamba majengo haya ya kale ni ya Waarabu na Waajemi waliochanganya damu na Waafrika, na kwamba kwa utamaduni walikuwa mbali na Waafrika waliowazunguka. Wengi wa zama zake waliamini hivyo. Sasa, juu ya tao la mlango wa Msikiti Mkuu umechongwa mkuki, alama ya Kiafrika, na huo mkuki aliuona. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga, mji mwingine wa kale, kisiwani Pate, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti ya miti, ya zamani kufikia karne ya 8. Watu walikuwa wakijenga kwa miti yao na udongo wao, wakaingia kwenye mawe polepole, bila kuletewa mji kutoka ng'ambo. Nambishia Kirkman kila mwaka mbele ya wanafunzi. Na ninambishia kwa tarehe alizonipa yeye.

Babu hakubishana na mtu. Hakuwahi kusema "nilichimba mji." Alisema, "Tulifungua nyumba za watu." Akaniambia jinsi sauti inavyobadilika: udongo wa kujaa hunyamaza chini ya jembe, lakini sakafu ya chokaa huitikia. "Ikiitika, weka jembe, shika mwiko." Nilikuwa na miaka tisa. Mwalimu wangu wa chuo alipotufundisha tabaka za udongo kwa michoro ya rangi ubaoni, mimi nilikuwa nazisikia.

Jina la babu sikulikuta katika kitabu chochote nilichosoma. Nililitafuta sana, nikiwa bado naona kwamba jina likichapishwa ndipo mtu amekuwepo. Mwaka 2024 Gedi ilipoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia nilikuwa kazini, simu zikalia, watu wakapongezana, nami nikatoka nje kidogo kwa sababu nilikuwa nalia. Bibi alikuwa ameshafariki. Hakukuwa na mtu wa kumpigia aliyelijua lile karai.

Kesho saa kumi na mbili na nusu tunafungua shimo jipya, mita mbili kwa mbili, katika shamba la mnazi si mbali na hapa. Nimechonga kalamu, nimehesabu mifuko. Ukurasa wa kwanza wa daftari, juu ya vipimo na juu ya tarehe, nimeshaandika majina saba ya vijana watakaoshika majembe na makarai, kamili, na jina la baba na la babu.