Nilivyofundisha tauni kwa kuanzia tumboni mwa kiroboto

Nilipopangiwa kuwafundisha wanafunzi wa afya jinsi tauni inavyoenea, niliwaweka panya kando kwanza. Nilichora ubaoni njia ya chakula ya kiroboto: mdomo, umio, vali ndogo yenye safu za miiba, kisha tumbo. Vali hiyo huzuia damu iliyonyonywa isirudi nyuma. Ndani ya damu nikamchora bakteria wa tauni, Yersinia pestis, nikauliza: huyu atabakije humo? Hapenyi ukuta wa utumbo, na kiroboto akijisaidia anaweza kutoka na kinyesi.

Swali hilo lilibeba karibu kipindi kizima. Kwanza ni lazima asife. Kuna kimeng'enya kiitwacho Ymt, ambacho jeni yake imo kwenye plasmidi (kipande kidogo cha DNA kilicho kando ya kromosomu ya bakteria), kinachomkinga asiuawe tumboni. Pili ni lazima ajishikize. Jeni za hms humwezesha kutengeneza utando unaonata, nao hujengeka katika mwili wa mdudu usio na joto kali. Kwenye nyuzi 37 za mwili wetu kazi hiyo hufifia. Mabonge ya bakteria hunasa kwenye miiba ya vali, yakakua mpaka njia ikaziba kama sinki lenye mafuta yaliyoganda.

Hapo hata waliokuwa wakisinzia waliinua vichwa. Kiroboto aliyezibwa hushikwa na njaa huku akinyonya: anauma, damu inagonga kizuizi, inarudi kwenye jeraha ikiwa na bakteria. Njaa haiishi, basi anauma tena na tena. Watafiti Bacot na Martin walieleza hayo mwaka 1914, ilhali daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alishamtaja kiroboto kuwa msambazaji tangu 1898.

"Na asipozibwa, mwalimu?" mmoja akadaka. Nililingoja swali hilo, maana wengi hulipita. Kiroboto anaweza kuambukiza hata siku chache baada ya kunyonya damu iliyojaa bakteria, kabla utando haujakomaa.

Panya niliwaleta mwishoni. Niliuliza kwa nini penye tauni viroboto hupigwa dawa kabla ya kutega panya. Walijibu wenyewe: panya akifa, viroboto huuacha mzoga unaopoa na kutafuta damu nyingine, hata ya binadamu.